Nimechoka kuwa kifungua mimba

Shangazi, salaam.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Bugembe hapa Jinja, Uganda. Nauza mivumba sokoni (wenzetu wa Kenya na Tanzania huita mitumba). Nimeolewa, nina watoto watatu. Naandika usiku kwa sababu mchana sipati nafasi hata ya kufikiri.

Kwetu tumezaliwa sita. Baba alikuwa mwanajeshi, tukakulia kambini, ndiyo maana hata leo nikikasirika nagomba kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mama wala ya baba. Baba alifariki mwaka 1999. Nilikuwa na miaka 15, niko S.2 (mwaka wa pili wa sekondari), na mdogo wetu wa mwisho, nimwite Juma, alikuwa na miaka 2. Siku ya kuondoa matanga mjomba alinishika bega mbele ya watu akasema, "Sasa wewe ndiye baba yao." Watu wakaitikia. Muhula uliofuata sikurudi shule. Tulitoka kambini tukahamia chumba kimoja Walukuba, mama akaanza kuuza chapati, mimi nikawa nakanda unga alfajiri na kumbeba Juma mgongoni kutwa.

Anayenifuata alisoma, sasa ni nesi Mbale. Ada yake ya chuo nililipa mimi, wala sijutii. Wa tano ameolewa Iganga na mumewe hapendi mambo ya kwetu. Shida ni Juma. Mama alimdekeza tangu utotoni na sasa ana miaka 28. Mwaka juzi nilikopa kwenye kikundi chetu cha akiba nikamnunulia bodaboda, milioni 5. Baada ya miezi saba pikipiki ikawa haionekani. Kwanza iko kwa fundi. Kisha iko kwa rafiki. Mwishowe ikajulikana aliiweka rehani kwa deni la kubeti mipira, na aliyeishika ameshaiuza. Mkopo nimeulipa mimi mpaka shilingi ya mwisho. Nilinuna, nikakataa kuongea naye karibu mwaka mzima. Wakati huo alikuwa Kampala akiosha magari, hakuniomba hata mia. Sasa amerudi kwa mama na tumeanza upya: analala hadi saa nne asubuhi, akiamka ni "dada, nitumie ya data."

Ametokea wakala anayesema atampeleka Dubai kufanya kazi ya ulinzi. Anataka milioni 7. Mama ameitisha kikao cha familia Jumapili ya mwisho wa mwezi, na ameshaniambia kwenye simu kitakachosemwa: niweke kiwanja changu dhamana benki. Kiwanja hicho kina vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake ndiyo ada ya watoto wangu. Nilipoanza kusema hapana, mama akanikatiza: "Juma ndivyo alivyo, ni kitinda mimba. Na wewe Mungu hakukuleta wa kwanza bure."

Basi kwenye semina ya kikundi chetu mwalimu mmoja naye akaja na hayohayo. Wa kwanza huzaliwa kiongozi, wa katikati msuluhishi, wa mwisho ni wa kudeka, na habadiliki mtu hadi kaburini. Wenzangu walicheka na kupiga makofi, kila mmoja akijitambua. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Binti yangu mkubwa ana miaka 13, yuko P.7, darasa la mwisho la msingi, Novemba ana mtihani. Wiki iliyopita niliamka saa tano usiku nikasikia maji uani. Nikamkuta amechuchumaa kwenye beseni, simu yenye tochi ameibana kati ya shingo na bega, anafua soksi na shati la shule la mdogo wake. Mdogo mwenyewe, miaka 10, anakoroma ndani. Nikamuuliza kwa nini hafui mwenyewe. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Si mimi ndiye mkubwa?"

Hayo ni maneno yangu, Shangazi. Nimeyasema mimi, tena mara nyingi.

Nikikataa, namwona Juma akipotea na mama akiniwekea kinyongo. Nikikubali, sijui watoto wangu watasomea nini. Ni kweli mtu huzaliwa hivi? Kama ni kweli, niache kupigana nayo. Kama si kweli, mbona siwezi kutamka hapana bila tumbo kunisokota?

Kifungua Mimba, Jinja


Shangazi anajibu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Kwa juu unauliza habari ya kiwanja: ukiweke dhamana Juma asafiri, au ukatae ubebe lawama za mama. Chini yake kuna swali zito kuliko hilo, kama wewe na Juma mlizaliwa hivyo mlivyo. Na chini kabisa kuna mtoto anafua soksi saa tano usiku. Nadhani ni yeye aliyekushikisha kalamu.

Nianze na mwalimu wa semina yenu, maana hakuyatunga yale. Daktari mmoja wa Vienna, Alfred Adler, aliyefariki mwaka 1937, ndiye aliyeyatia nguvu. Alisema wa kwanza ni kama mfalme aliyeondolewa kitini siku mdogo wake alipozaliwa, kwa hiyo hukua akipenda madaraka na sheria. Wa mwisho haondolewi na mtu, basi hudekezwa. Adler mwenyewe alikuwa wa pili, na alikulia kwenye kivuli cha kaka yake. Kabla yake, mwaka 1874, Mwingereza Francis Galton alihesabu wanasayansi wakubwa wa nchi yake akaona vifungua mimba ni wengi kupita kiasi. Galton alikuwa kitinda mimba. Mambo haya kila anayeyaandika huyaandika kutoka pale alipozaliwa, na mimi pia, ujue, ni wa nne kati ya tisa.

Ni nadharia tamu. Kila mtu hujikuta humo, kama anavyojikuta kwenye nyota za gazetini. Ilipopimwa kwa watu wengi ikayumba. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichambua habari za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani: uchangamfu, upole, bidii, utulivu wa moyo. Kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho hakukuleta tofauti ya maana katika hayo. Mwaka huohuo wengine wakatazama wanafunzi wa sekondari wa Marekani wapatao 377,000, nao wakapata tofauti ndogo mno, isiyoweza kuonekana kwa macho hata ukiishi na mtu nyumba moja. Kweli, hizo ni nchi za familia ndogo, hakuna aliyekuja Walukuba kuwahesabu ninyi sita. Lakini "habadiliki mtu hadi kaburini" ni maneno ya kupigiwa makofi tu.

Kuna utafiti mmoja, hata hivyo, ambao ulinikaa kichwani nilipokuwa nasoma habari ya mjomba wako. Mwaka 2007 Wanorway wawili, Kristensen na Bjerkedal, walitazama majaribio ya akili ya vijana zaidi ya 240,000 waliokuwa wakiingia jeshini kwao. Wa kwanza alimzidi wa pili kwa pointi 2 au 3 hivi, kitu kidogo. Kisha wakawatenga wale waliozaliwa wa pili lakini mkubwa wao alikufa akiwa mdogo. Hao walipata sawa na vifungua mimba. Tumbo la mama liliwaweka wa pili, nyumba ikawapandisha wakawa wa kwanza, na nyumba ndiyo iliyoshinda.

Sasa rudi kwenye ule mkono begani, mwaka 1999. Mama anasema Mungu hakukuleta wa kwanza bure. Ninavyoona mimi, siku ile watu wazima walikuwa na msiba, na watoto watano nyuma yako, na hawana mpango, wakauweka mpango wao juu ya msichana wa miaka 15. Huenda hawakuwa na njia nyingine. Siwahukumu. Ila kazi mtu anaweza kupewa, akaifanya vizuri miaka 26, na bado isiwe damu yake.

Tena tusimpe Mungu kazi ya serikali. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997 ilikuwa kwa watoto 4 tu wa kila familia, na nyumba nyingi ziliketi kuchagua majina. Sekondari bila ada ikaja mwaka 2007. Wewe ulikuwa umeshaiacha S.2 miaka minane nyuma. Juma alipomaliza P.7 mlango ulikuwa wazi. Mngebadilishana miaka, nani angekuwa ananiandikia leo?

Kuna sentensi yako nimeipigia mstari. Ulipomnunia, Juma alikaa Kampala karibu mwaka mzima akiosha magari, hakuomba hata mia. Umeiandika kama lawama, mimi nimeisoma kama habari. Kumbe yupo Juma mwingine, anayejilisha, na anatoweka akifika mlangoni kwa mama yenu, mahali ambapo kazi yake ni kuwa wa mwisho. Hata wewe, naamini, sokoni wanakujua mtu tofauti. Sidhani mteja anakupunja halafu ukaumwa tumbo. Usinielewe vibaya lakini. Sisemi ukimwacha atanyooka. Kubeti humshika mtu kama pombe, na mimi na wewe hatukuwa naye jioni baada ya kuosha magari. Kama imefika huko, pesa yoyote itakayopita mkononi mwake itafuata njia ya pikipiki, iwe Jinja au Dubai, na mtu wa kumwona kabla ya wakala ni mshauri wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vyake.

Nikuulize jambo litakalouma kidogo. Unasema mama alimdekeza. Mgongo uliombeba ulikuwa wa nani? Simaanishi kosa ni lako, msichana hakosi kwa kumtuliza mtoto anayelia. Ila kati yako na Juma kuna mama na mtoto, tena mama aliyekuwa mtoto mwenyewe. Huenda tumbo linalosokota si la dada anayemnyima kaka pesa. Huenda ndiyo maana mwaka ule wa kununa ulikuumiza wewe kuliko yeye, ingawa hukuniambia, nakisia tu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyoro, wa Bunyoro magharibi mwa Uganda, na alitusimulia hadithi ya wafalme wao kila tulipogombea maziwa. Baba alikuwa na wana watatu. Akawapa kila mmoja chungu cha maziwa, wakipakate usiku kucha, asubuhi atazame. Mdogo akasinzia, akamwaga kidogo. Akawaomba kaka zake, kila mmoja akamtilia kidogo, chungu kikajaa tena. Karibu na alfajiri mkubwa naye akamwaga, akamwaga yote. Akaomba. Wakamwambia chungu chako ni kitupu, kukijaza kutatumaliza sisi. Kulipokucha baba akakuta cha mdogo kimejaa, akampa ufalme, ndiye Kakama. Mkubwa, Kairu, akawa wa kulima na kuwatumikia wenzake.

Hadithi hiyo ilikuwa na faida kwa watawala, ilieleza kwa nini wao wanatawala na wengine wanalima, hilo tusijifiche. Lakini bibi alipokuwa akisimulia, sisi wadogo tulifurahi mdogo kushinda. Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikajiuliza: Je, ingekuwaje kama mkubwa asingempa mdogo wake yale ya kwanza? Na Buganda, ng'ambo tu ya hapo, mtoto wa kwanza wa kiume wa Kabaka, yaani mfalme, huitwa Kiweewa, na kwa desturi hakai kitini kabisa. Mwaka 1888 alikalishwa mmoja, hakumaliza hata miezi mitatu. Basi kabla ya kukubali kwamba kuzaliwa wa kwanza kuna maana moja iliyoandikwa mbinguni, tazama jinsi maana yake inavyobadilika ukivuka mto.

Nije kwenye kikao. Kuna watu nimewatafuta kwenye barua yako nikawakosa. Umeandika mmezaliwa sita. Nimemwona nesi wa Mbale, nimemwona wa Iganga, nimemwona Juma, na wewe. Wa tatu na wa nne hawana hata sentensi. Wako wapi? Wana kazi? Waliwahi kuulizwa chochote tangu 1999, au wao walipewa kazi ya kutokuwepo? Labda hawana kitu. Labda wanacho, na wanasubiri mtu aache kuinua mkono wa kwanza ndipo nao wainue wa kwao. Mkubwa anayebeba kila kitu huwa anawanyima wengine mzigo, na wapo wanaoona hilo kama dharau, ingawa hawalisemi. Wa nne nakwambia haya.

Mwingine niliyemkosa ni mume wako. Hili lina upande wa sheria pia. Kama kiwanja hicho kinahesabiwa kuwa ardhi ya familia, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka mwenzi wako akubali kabla hujakiweka rehani, na benki huenda ikamtaka aweke sahihi. Ukienda kikaoni ukakubali kabla hamjaongea, utakuwa na vikao viwili vya kujibu. Na Juma asipoenda, au akienda asitume kitu, benki haitamuuliza yeye. Huyo wakala pia: kampuni zinazopeleka watu nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kuuliza jina lake huko hakugharimu milioni 7. Akionekana hana leseni, mjadala wa kikao utakuwa mwingine kabisa, na hutahitaji kuwa wewe uliyeuvunja.

Kukataa nako kuna bei, nisikudanganye. Mama yako amezoea mlango huu kufunguka, na siku ya kwanza usipofunguka ataugonga kwa nguvu zaidi. Huenda akasema maneno ambayo mtakaa nayo muda. Yeye naye alibaki mjane na watoto sita na kikaango cha chapati; hofu yake juu ya Juma ni ya kweli, hata kama njia anayoitaka inakuponza. Wapo waliokataa wakabaki wanatembeleana, wapo waliokataa wakazikana bila kuongea. Wengine huchagua njia ya kati: natoa kiasi hiki, kinacholingana na cha kila mmoja wenu, kinalipwa moja kwa moja kinakohitajika, hakipiti mkononi kwa mtu, na kiwanja hakimo kwenye mazungumzo. Nayo ina hatari yake, kwa sababu kiasi kidogo leo ni mlango wa kikao kingine kesho. Wewe unawajua watu wako. Ungeweza kuanza kwa kujiuliza ni lipi ungelifanya kama ungezaliwa wa nne, halafu uone ni nini hasa kinakuzuia.

Na binti. Hapa nitakwenda polepole kwa sababu najua unataka kurekebisha leo hiihii. Ukiingia kesho ukamwambia "kuanzia sasa usimfulie mtu," anaweza kuhisi amefukuzwa kazi. Ameifanya usiku, kwa tochi, bila kuitwa. Kuna kujivunia humo, na labda kuna woga pia, wa kwamba asipofaa hatapendwa. Muulize ni tangu lini. Muulize anachokipenda katika kuwa mkubwa, halafu anachokichukia. Atajibu cha pili akiamini kwamba cha kwanza umekisikia. Kijana wa miaka 10 anaweza kufua soksi. Atazifua vibaya, wiki mbili ataenda shule na kola yenye uchafu, na mtu mmoja nyumbani atawashwa mikono kutaka kumsaidia. Nashuku huyo mtu si binti.

Jumapili ile fika mapema, na kwa mara moja usiingie jikoni. Tafuta kiti karibu na wa tatu. Mwambie kabla wengine hawajafika kwamba mkopo wa pikipiki uliulipa peke yako, kama hajui. Halafu niandikie alisema nini.

Shangazi